Chumvi na Barafu: Kwa Nini Chumvi Haifai Kuzuia Sakitu Shambani

Wakulima wa nchi za juu wamjua adui ajaye usiku pasipo kelele. Jioni mbingu ni safi, nyota zaonekana nyingi, upepo umetulia kabisa. Asubuhi mtu atokapo nje aona majani ya viazi yamefunikwa na unga mweupe, kama kwamba mtu amepita usiku akimwaga chumvi. Jua lipandapo kidogo unga ule hutoweka, na majani yaliyokuwa mabichi jana huwa meusi, yakalegea kama mboga iliyotiwa katika maji ya moto. Unga huo ni sakitu, na wengine huuita jalidi. Katika sehemu nyingine watu husema barafu tu. Wajulikana sana Kinangop, Molo na Limuru katika Kenya, hasa tangu Desemba hata Februari, na Njombe, Makete na Mufindi katika Tanzania, tangu Juni hata Agosti. Mwezi wa Januari 2012 sakitu iliunguza chai katika Kericho na Nandi, na vichaka vilivyokuwa kijani viligeuka rangi ya kahawia kana kwamba moto umepita.

Katika shida ya namna hii huzuka shauri moja ambalo mkulima yapasa alipime vema kabla ya kulifuata. Husemwa hivi: chumvi huzuia maji yasigande, sakitu ni maji yaliyoganda, basi tunyunyize chumvi shambani, au tuinyunyize juu ya majani, nayo sakitu haitashika. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo yana hatari kuliko uongo mtupu. Ni kweli kabisa kwamba chumvi huzuia maji yasigande. Lakini nguvu ile ile ishikayo maji yasiwe barafu ndiyo iyashikayo yasiingie katika mizizi. Mtu hawezi kuinunua faida ya kwanza bila kuipata hasara ya pili. Kijitabu hiki chaeleza jinsi jambo hili lilivyo, ili mkulima aone kwa macho yake na kwa hesabu, asitegemee maneno ya watu.

JARIBIO LA MIKEBE MIWILI

Tafuta mikebe miwili ya bati iliyo mitupu, iliyokauka vizuri nje. Pata barafu kutoka kwa mchuuzi wa samaki au kwa mtu mwenye jokofu, uifunge katika gunia, uipondeponde kwa nyundo. Jaza mkebe wa kwanza barafu peke yake. Mkebe wa pili utie barafu pamoja na chumvi ya jikoni, kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za barafu, au kwa kipimo hicho hicho kidogo kidogo, ukikoroga kwa kijiti. Kisha ngojea robo saa.

Mkebe wa kwanza utatoka jasho. Matone ya maji yatashika nje yake na kutiririka, kwa maana unyevu wa hewa hugeuka maji ukigusa kitu baridi. Mkebe wa pili hautatoka jasho la namna hiyo, bali utashikwa na ukungu mweupe mgumu, uwezao kukwaruzwa kwa ukucha. Hewa ikiwa kavu mno, upumulie mkebe mara kadha wa kadha. Ukungu huo ndio sakitu yenyewe, haina tofauti na ile ya shambani. Umeitengeneza mezani mchana kweupe. Watoto wasiushike mkebe huo kwa mkono wenye maji, kwa kuwa ngozi yaweza kunata na kuungua kwa baridi.

Sasa tazama ndani. Katika mkebe wenye chumvi barafu imeyeyuka nyingi zaidi, na hata hivyo mkebe huo ndio ulio baridi zaidi. Mwenye kipimajoto ataona kwamba mkebe wa kwanza unasimama penye sifuri, wala haushuki chini yake. Wa pili hushuka digrii 10, 15, na ukikorogwa vizuri hukaribia digrii 20 chini ya sifuri, kwa kipimo cha Selsiasi. Watu wengi hushangaa hapa. Wamezoea kwamba kitu kikiyeyuka ni kwa sababu kimepata joto. Hapa barafu yayeyuka na kuzidi kuwa baridi.

SABABU YAKE

Fikiri zizi lenye mlango mmoja. Barafu ni zizi, na chembe za maji ni ng'ombe wa mwenye zizi. Penye digrii sifuri ng'ombe wengine hutoka na wengine huingia, na hesabu ya watokao ni sawa na ya waingiao. Kwa hiyo zizi halijai wala halipungui. Sasa waje mbuzi wa jirani wakasongamana nje mlangoni. Zizi hili haliwakubali mbuzi, nao hawaingii. Lakini wamechukua nafasi, hata ng'ombe wafikao mlangoni kutoka nje ni wachache kuliko kwanza. Wale wa ndani hawazuiliwi na mtu, hutoka kama walivyotoka. Baada ya muda zizi litakuwa tupu. Mbuzi hao ni chumvi. Ikiwa wataka zizi lisiwe tupu, hapana njia ila kuwapunguzia ng'ombe wa ndani hamu ya kutoka, na hiyo ndiyo kazi ya baridi: kila maji yanapozidi kuwa na chumvi, ndivyo baridi inavyohitajika zaidi ili yagande.

Kwamba barafu haikubali chumvi si mfano tu. Gandisha maji yenye chumvi kidogo, nusu yake tu, kisha ukitoe kile kipande cha barafu, ukisuuze upesi kwa maji safi, ukionje. Utakiona kina chumvi kidogo sana kuliko maji yaliyobaki. Barafu imejijenga kwa maji, ikaiacha chumvi nje.

Habari ya baridi kuzidi ni hii. Barafu haiyeyuki bure; hudai joto, tena joto jingi. Joto liyeyushalo kilo moja ya barafu latosha kuipasha kilo moja ya maji kutoka sifuri hata digrii 80, yaani karibu kuchemka. Chumvi inapoilazimisha barafu iyeyuke, barafu huchukua joto hilo popote ilipatapo: katika maji ya chumvi, katika bati la mkebe, katika hewa iliyo karibu. Vyote hupoa. Neno hili la joto mkulima alishike moyoni, kwa maana tutalirudia tutakaposema juu ya kumwagilia maji usiku wa baridi, na huko litakuwa upande wake.

Maji matupu huganda penye sifuri. Maji ya bahari, ambayo kila lita yake ina chumvi gramu 35 hivi, huganda karibu na digrii 2 chini ya sifuri. Maji ambayo sehemu yake ya kumi kwa uzito ni chumvi huganda karibu na digrii 6 na nusu chini. Chumvi ikifika sehemu 23 katika mia, maji hayagandi mpaka digrii 21 chini ya sifuri, na hapo ndipo mwisho wa uwezo wa chumvi ya jikoni. Ukiongeza zaidi hupati kitu. Si chumvi peke yake ifanyayo hivi. Sukari nayo hufanya, na kila kitu kiyeyukacho katika maji. Ila kilo moja ya chumvi hufanya kazi ya kilo kumi za sukari na zaidi, kwa sababu chembe zake ni ndogo na nyingi, tena kila moja hugawanyika mbili ndani ya maji. Fahrenheit, mtengenezaji wa vipimajoto, alipoandika juu ya kipimo chake mwaka 1724, sifuri yake aliitwaa katika mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Ndiyo sababu kwa kipimo chake maji huganda penye 32, hesabu ambayo imewasumbua wanafunzi wengi.

SHAURI LA CHUMVI SHAMBANI

Wenye kushauri chumvi huelekeza kidole Ulaya na Marekani, ambako hunyunyizwa barabarani wakati wa theluji. Ni kweli. Jimbo la New Hampshire katika Marekani lilianza kujaribu chumvi barabarani mwaka 1938, na baadaye desturi ikaenea nchi nyingi za baridi. Lakini barabara haina mizizi. Na hata huko, miti iliyo kando ya barabara imeonekana kuunguzwa majani na kukauka matawi kwa ajili ya chumvi irushwayo na magurudumu na iingiayo udongoni theluji iyeyukapo.

Natufanye hesabu ya eka moja ya viazi. Mizizi mingi hula katika sentimeta 15 za juu za udongo. Udongo huo katika eka moja ni mita za ujazo 600 na kidogo. Tuseme sehemu moja ya tano ni maji. Basi kuna lita 121,000 za maji ndani yake. Ili maji yagande digrii moja tu chini ya sifuri, kila lita yataka chumvi gramu 17. Jumla ni kilo 2,000 na zaidi, yaani magunia 41 ya kilo 50. Na hiyo ni kwa digrii moja, ilhali usiku wa sakitu kali majani ya viazi hufikia digrii 3 chini au zaidi. (Ng'ombe wa maziwa tukimpa gramu 30 za chumvi kwa siku, magunia hayo yangewatosha ng'ombe watano miaka 37. Afadhali yabaki zizini.)

Tuseme sasa mtu ana fedha za kununua magunia hayo 41, akayamwaga. Amepata nini? Mzizi hunywa maji kwa kuyavuta, na udongo nao huyashika kwa nguvu yake. Udongo unapoyashika kwa nguvu ipatayo shinikizo la hewa mara 15, mimea mingi ya shamba haiwezi tena kuyavuta, hunyauka wala hairudi. Maji yenye gramu 17 za chumvi kwa lita, hata udongo ukiwa umelowa chepechepe, hushikwa kwa nguvu ya mara 13 hivi kwa ajili ya chumvi peke yake. Kwa maneno mengine, kipimo kile kimpacho mkulima digrii moja ya kinga ndicho kiufikishacho mmea mlangoni pa mauti kwa kiu, miguu yake ikiwa ndani ya maji. Hizi si nguvu mbili zilizokutana kwa bahati. Ni nguvu moja. Chumvi huyashika maji, basi. Haijui kuchagua kuyashika mbele ya barafu na kuyaachia mbele ya mzizi.

Kwa kweli hasara huanza mapema sana kabla ya kipimo hicho. Maharagwe huanza kupunguza mazao maji ya udongo yakiwa na chumvi isiyofika gramu moja kwa lita. Mahindi na viazi huvumilia zaidi kidogo, huanza kudhurika ipitapo gramu moja. Shayiri ni hodari kuliko hao wote, lakini hata yeye hafiki popote karibu na gramu 17.

Na udongo wenyewe huharibika. Chumvi ya jikoni ina madini ya sodiamu, na sodiamu hutawanya chembe za udongo wa mfinyanzi zilizokuwa zimeshikana katika vidonge vidogo vidogo. Vidonge vikivunjika, njia za hewa na maji huziba. Mvua ikinyesha maji husimama juu. Jua likiwaka ardhi hufanya ganda gumu, na mche hauwezi kulipasua.

Je, chumvi ikinyunyizwa juu ya majani tu? Haifai pia. Maji yenye hatari si umande ulio juu ya jani, bali yaliyo ndani yake. Sakitu iingiapo, barafu huanza katika nafasi zilizo kati ya vyumba vidogo vya jani, huko ambako maji ni mepesi yasiyo na mengi yaliyoyeyuka ndani yake. Barafu hiyo ikikua huvuta maji kutoka ndani ya vyumba, hata vyumba hukauka na ngozi zake kupasuka. Ndiyo maana jani lililopigwa na sakitu hulegea kama lililokatika kiu. Chumvi iliyo juu ya jani hailinyimi baridi, wala haiingii kuyalinda maji ya ndani isipokuwa kwa kuliunguza jani kwanza. Huonekana kingo zimekuwa za kahawia na kukunjamana. Mkulima ataona asubuhi jani limeungua, asijue ni sakitu iliyoliunguza au ni chumvi yake mwenyewe.

Neno jingine lastahili kuelezwa, kwa kuwa huenda ndilo liliwapoteza wengine. Mbolea za madini huitwa na watu wengi mbolea za chumvichumvi. Jina hilo ni la haki, maana katika elimu ya madini nazo ni chumvi. Lakini si chumvi ya jikoni. Moja katika hizo, ile yenye potasiamu, yausaidia mmea uliopungukiwa na madini hayo, na mmea ulioshiba potasiamu hustahimili baridi kidogo kuliko wenye njaa nayo. Mmea nao una akili yake. Kabeji na karoti katika siku za baridi huongeza sukari ndani yao, na ndiyo sababu huwa tamu zaidi. Sukari hiyo hufanya kazi ile ile ya kuchelewesha kuganda. Lakini mmea hufanya hivyo kwa kipimo chake, ndani ya vyumba vyake, kwa siku nyingi. Mbolea hiyo itiwe kwa kiasi alichoagiza bwana shamba baada ya udongo kupimwa, wala isimwagwe usiku wa baridi kwa matumaini ya kuponya. Ikizidi, nayo hushika maji vile vile.

IKIWA CHUMVI IMEKWISHA MWAGWA

Aliyekwisha fanya hivyo asikate tamaa, lakini asichelewe. Chumvi iliyo bado juu ya ardhi kama unga, na izolewe pamoja na udongo wa juu, itupwe mahali pasipopandwa wala pasipoteremka maji kwenda kisimani. Iliyokwisha yeyuka haina dawa ila maji matamu mengi ya kuiosha ishuke chini kupita mizizi. Kwa hiyo kwanza chimba mfereji upande wa chini, maji yapate pa kutokea. Pasipo mfereji chumvi itazunguka tu na kupanda tena juu jua liwakapo. Udongo wa mfinyanzi uliokwisha kufunga ganda hutiwa jasi, ambayo husukuma sodiamu nje ya udongo, ndipo maji huiondoa. Mbolea ya samadi iliyooza husaidia udongo ushikane tena. Msimu wa kwanza usipande maharagwe mahali hapo. Jaribu shayiri au viazisukari vyekundu vya saladi, ambavyo huvumilia.

MAMBO YASAIDIAYO KWELI

Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji. Usiku wenye mbingu wazi ardhi hutoa joto lake juu angani, hewa iliyoigusa hupoa, ikashuka polepole kufuata mteremko mpaka bondeni, ikajaa huko kama ziwa. Kwa hiyo mtu aweza kuona viazi vya mtelemkoni vyasimama kijani na vya bondeni, hatua mia mbili tu kutoka hapo, vimekuwa vyeusi. Usipande viazi, maharagwe wala miche michanga chini kabisa ya bonde katika miezi ya hatari. Huko peleka majani ya ng'ombe. Tena tazama ua lako. Ua mzito ulio upande wa chini wa shamba ni boma la kuzuia hewa baridi isitoke. Toboa milango mipana ndani yake. Ua ulio upande wa juu hufaa, maana huigeuza ile ishukayo.

Kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua hudanganya usiku kama huo. Chaweza kuonyesha digrii 3 juu ya sifuri, na huku majani yaliyo karibu na ardhi yamekwisha ganda. Kiweke chini, usawa wa majani.

Ardhi iliyolowa na kushikamana huweka joto la mchana kuliko ardhi kavu iliyolimwa karibuni. Ikionekana jioni itakuwa ya hatari, mwagilia mapema, kabla ya adhuhuri, jua lipate kuipasha ile ardhi yenye maji. Usilime siku hiyo. Na hapa twataja jambo ambalo wakulima wazuri hukosea kwa kuwa ni wazuri: matandazo ya nyasi, ambayo ni baraka wakati wa ukame, usiku wa sakitu huwa kama blanketi lililotandikwa chini ya mgonjwa badala ya kufunikwa juu yake. Joto la ardhi hubaki chini, na mche ulio juu ya nyasi huganda. Yasogeze kando kwa muda. Nyasi zile zile, au magunia, vikitandazwa jioni juu ya fito, visiuguse mche, huufaa sana. Viondolewe asubuhi jua likipanda. Viazi vilivyopandishiwa udongo vizuri, hata majani yakifa, huchipuka tena kutoka chini, basi usiharakishe kung'oa shina lililoungua. Ngoja juma moja au mawili.

Ama moto wa moshi, wengi huutumaini kuliko ustahilivyo. Moshi hauzuii joto la ardhi kupotea. Chenye kufaa ni joto la moto wenyewe, na hilo lataka mioto midogo mingi iliyotawanywa, si mmoja mkubwa.

Sasa twarudi kwa lile joto la barafu. Ikiwa barafu hudai joto jingi ili iyeyuke, basi maji hulirudisha joto lile lile yanapoganda. Wakulima wenye mabomba ya kunyunyiza hulitumia jambo hili: hunyunyiza maji usiku kucha, maji huganda juu ya mmea, na kila tone ligandapo hutoa joto lake, hata jani lililofunikwa na barafu hukaa karibu na sifuri, halishuki hata digrii 2 au 3 chini zinazoua. Mtu asiyejua akipita atadhani shamba limekufa, kumbe limehifadhiwa. Lakini maji yasikome mpaka jua lipande na barafu ianze kuyeyuka yenyewe. Yakikoma usiku wa manane, upepo mdogo ukivuma, maji yaliyobaki hupotea hewani yakichukua joto, na jani huwa baridi kuliko ambavyo lingekuwa bila kunyunyiziwa kabisa. Asiye na hakika ya maji ya kutosha usiku kucha asianze. Na maji hayo yawe matamu. Maji yenye chumvi hayagandi kwa wakati, hivyo hayatoi joto lake, ndiyo kusema chumvi huliharibu hata shauri hili.

CHUMVI KATIKA SANDUKU LA BARAFU

Nje ya shamba, mchanganyiko wa barafu na chumvi una kazi yake njema. Ndio uliotumika katika ndoo za kuzungushwa kwa mkono za kutengeneza malai na askrimu, nao bado hufaa mahali pasipo umeme. Hatari ni pale mtu atiapo chumvi katika sanduku la barafu akidhani barafu itadumu. Haitadumu, itaisha mapema zaidi, kama ulivyoona mkebeni.

Samaki mbichi hukaa vema katika barafu tupu inayoyeyuka, kwa kuwa hukaa penye sifuri, na nyama yake haigandi mpaka ishuke digrii moja au mbili zaidi. Ukitia chumvi, samaki aliye karibu na barafu huganda nje polepole, nyama yake hupasuka ndani kwa vipande vikubwa vya barafu, na akifika sokoni hutoa maji na kulegea.

Maziwa nayo yana sukari na chumvi zake za asili, kwa hiyo huganda karibu nusu ya digrii chini ya sifuri. Kipimo hiki ni thabiti sana, hata viwanda vya maziwa hukitumia kumtambua atiaye maji: maziwa yaliyochanganywa na maji huganda karibu zaidi na sifuri.

Lakini penye hasara kubwa kuliko zote ni chanjo ya mifugo. Chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo, pamoja na nyingine nyingi za maji, hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na digrii 8 juu ya sifuri. Zikiganda mara moja huharibika, hata zikiyeyuka na kuonekana nzuri machoni. Ng'ombe huchomwa sindano, mwenyewe hulala salama, na ugonjwa ukija hukuta zizi lisilo na kinga. Nyingine zina sheria zake peke yake: ya ndigana kali huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi isiyoweza kufikiwa kwa barafu ya namna yoyote, na zile za unga mkavu zina maagizo katika karatasi yake. Kwa zile za digrii 2 hata 8, tumia barafu iliyokwisha anza kuyeyuka, bila chumvi hata chembe, na weka kitambaa kikavu au karatasi nene kati ya barafu na chupa. Wala usiazime sanduku la mchuuzi wa samaki kabla ya kuliosha kwa maji matamu mara mbili, maana chumvi iliyokauka pembeni mwake yatosha kuishusha barafu chini ya sifuri. Chupa iliyoganda irudishwe kwa daktari wa mifugo, asichomwe nayo mnyama hata mmoja.